Mgodi Ndani ya Tangi la Kioo

Mtaani wote humwita Dada Fundi, wakubwa kwa wadogo, hata wale wanaomzidi umri. Ni fundi bomba. Karakana yake iko katikati ya duka la rangi na saluni ya kinyozi. Upande wa mbele kuna rafu za koki, viungo vya mabomba na mipira ya maji iliyoviringwa. Upande wa nyuma kuna chumba chenye meza ndefu ya mbao ambayo siku za kazi hukatiwa mabomba, na Jumamosi mchana hupanguswa unga wa plastiki, ikatandikwa kitambaa, ikawa meza ya hadithi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo yake si marefu. Watu wachache huketi kuizunguka meza, kila mmoja na shujaa aliyemtunga mwenyewe na kumwandika kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake, silaha zake. Mtu mmoja, msimulizi, hana shujaa. Yeye huwaambia wenzake wako wapi na wanaona nini, nao husema wanafanya nini. Penye shaka hurushwa dadu. Kisa kizima huitwa safari, na safari moja huweza kula Jumamosi kadhaa kabla ya kwisha.

Msimulizi wa meza hiyo ni Dada Fundi. Wachezaji wake ni majirani na jamaa. Yupo Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye shujaa wake ni mchawi wa moto. Yupo Mwalimu, mama anayefundisha hesabu sekondari, ambaye shujaa wake ni mganga. Yupo mume wa Dada Fundi, fundi cherehani, ambaye shujaa wake ni mwizi, ingawa hajawahi kuiba kitu cha maana tangu aanze kucheza. Na alikuwepo mdogo wake Dada Fundi, kitinda mimba wa kwao.

Huyu mdogo mtu alilelewa na dada yake tangu mama yao alipofariki. Dada ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemfundisha kukata bomba na kufunga kiungo kisivuje, na ndiye aliyempa kazi karakanani bila kumfanyia usaili. Pale mezani kijana alikuwa na shujaa aitwaye Nyundo, mwenye damu ya majitu na mguu mmoja wa chuma. Alimpenda Nyundo kuliko alivyoyapenda mabomba.

Ugomvi wao ulianzia kwenye dadu. Katika safari moja, Nyundo alitangulia kuingia kwenye mgodi wa mawe yanayong'aa, chini ya ziwa, kuwatafuta wachimbaji waliopotea. Mwamba ukaporomoka. Wakati huo msimulizi alikuwa akirusha dadu nyuma ya ubao mdogo, wachezaji wasione. Dada Fundi akarusha, akatazama, akasema, "Umeponea chupuchupu. Jiwe limepita sikioni."

Kijana alikuwa amesimama kuchukua maji ya kunywa. Akageuka, akaona nyuma ya ubao. Dadu ilionyesha moja, namba ambayo kwa kanuni zao haina mjadala: ni kifo.

"Dada, hiyo ni moja."

"Kaa chini tuendelee."

"Hiyo ni moja, na mimi nimekufa. Mbona niko hai?"

"Kwa sababu mimi ndiye msimulizi."

"Aa! Kumbe hata humu ndani nabebwa!" Sauti yake ilipanda mpaka wateja wa saluni wakasikia. "Shule umenibeba, kazi umenibeba, sasa na mawe unanizuilia. Kuna kitu chochote duniani nimewahi kukipata mwenyewe?"

Aliondoka. Jumatatu hakuja karakanani. Baada ya wiki mbili ilijulikana kuwa amepata kazi kwenye kundi la mafundi wanaofunga matangi ya maji juu ya mapaa ya nyumba. Dada alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Akamtumia salamu kupitia mumewe, zikarudi salamu fupi, za adabu, zisizo na kitu ndani yake.

Meza yao ina kanuni moja ambayo haijawahi kuvunjwa: shujaa wa asiyekuwepo haguswi. Hauawi, haokolewi, hasemewi neno. Kwa hiyo Nyundo alibaki chini ya mgodi pamoja na wachimbaji, nyuma ya mwamba ulioporomoka, na wengine wakaendelea na safari nyingine kana kwamba mgodi ule haupo. Lakini ulikuwepo. Kinyozi hakuacha kuutaja. "Jamani, Nyundo huko chini anakula nini?" aliuliza kila mara katikati ya vita na majoka. Mume alimkanyaga mguu chini ya meza.

Siku moja Dada Fundi alimwambia mumewe kwamba anatunga safari ya kuwatoa wale watu mgodini.

"Wachimbaji au Nyundo?" mume aliuliza.

"Wote."

"Na mwenye Nyundo asipokuja?"

"Tutaishia mlangoni kwake. Kanuni ni kanuni."

Mume alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akautia, akafunga fundo, ndipo akasema, "Basi itunge vizuri. Yule akinusa huruma tu, hutamwona tena kwenye meza ile."

Alikuwa amesema jambo ambalo mkewe alikwishalijua. Safari hii ilitakiwa kuwa ya haki, na haki hiyo ionekane kwa macho. Ubao wa kufichia dadu aliutupa siku hiyohiyo. Lakini dadu peke yake haikumtosha. Msimulizi asiyeficha dadu bado anaweza kusema maji yamefika magotini wakati alitaka kusema kifuani. Ndipo akakumbuka tangi la kioo la kufugia samaki ambalo mteja mmoja alimwachia kwa sababu lilikuwa linavuja pembeni. Akaliziba, akaliweka mezani, akaanza kujenga mgodi ndani yake.

Vyumba vya juu alivitengeneza kwa chupa za maji zilizokatwa. Njia za kupitia aliziunga kwa vipande vya bomba vilivyobaki kwenye kazi za watu. Chumba cha chini kabisa, alimokuwa Nyundo, kilikuwa bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, limepinduliwa kifudifudi na kubandikwa kwenye sakafu ya tangi, na ubavuni mwake amekata mlango mdogo. Wachimbaji walikuwa vifungo vyeupe vya shati, mume alivitoa kwenye kopo lake. Nyundo alikuwa nati ya chuma.

Na maji yangekuwa maji. Yangemiminwa mle tangini kwa glasi, mbele ya watu, yakapanda yenyewe kutoka chini. Lolote ambalo mashujaa wangelifanya kwenye hadithi, yeye angelifanya kwenye tangi: wakivunja ukuta, angeukata, wakiziba njia, angeiziba. Hakuna mtu ambaye angeweza kusema msimulizi kapendelea.

Jaribio la kwanza walilifanya wawili, baada ya kufunga karakana. Mume aliwacheza mashujaa wote peke yake, akibadilisha sauti. Wakati huo Dada Fundi alikuwa ameamua kumimina kila baada ya dakika chache. Haikufaa. Mwizi na mganga walikuwa bado wanabishana nani atangulie, mara tangi limejaa hadi juu.

"Tumekufa kikao hakijaisha," alisema mume kwa sauti ya Mwalimu.

Dada Fundi akabadilisha utaratibu. Glasi moja kwa kila tendo. Maneno ni bure. Mtu aongee mpaka koo likauke, lakini akisema "nafanya", maji yanamiminwa. Kwa utaratibu huo hesabu ilikuwa ya kubana lakini iliwezekana. Aliweka pia chatu wa ziwa, mkubwa kama bomba kuu la barabarani, ambaye kujigeuza kwake usingizini ndiko kulikopasua dari na kuingiza maji. Mume alipendekeza apiganwe. Dada Fundi akakataa: kila pigo ni glasi moja, na atakayepigana na chatu atakuwa anawazamisha watu kwa mkono wake. Chatu aliwekwa ili waamue kumwacha.

Wakiwa wanafungasha, mume aliinama akachungulia nyuma ya tangi. Kulikuwa na bomba jembamba limetoka kwenye chumba cha chini, likapita kwenye tundu la kioo hadi nje, na mwisho wake lilikuwa na koki.

"Hili la nini?"

"La dharura. Kama wataligundua, wanafungua, maji yanapungua."

"Dharura ya nani?"

Dada Fundi aliendelea kukunja kitambaa.

"Mke wangu, shemeji yangu ni fundi. Umemfundisha mwenyewe. Akiiona koki hii hatakaa hata kwenye kiti."

Dada Fundi alilitazama bomba lile. Lilikuwa kazi safi, pengine kiungo kizuri kuliko vyote mle ndani. Kisha akachukua msumeno wa chuma akalikata, akaziba matundu kwa gundi, na kesho yake akamimina maji kuhakikisha hapavuji.

Kumwita kijana ilikuwa kazi ya Kinyozi, kwa sababu kijana bado alinyolewa kwake, akipitia mlango wa pembeni ili asipite karakanani. Kinyozi alisubiri mpaka wembe ulipokuwa shingoni.

"Bwana mdogo, Jumamosi tunakwenda kukuokoa."

"Mimi sihitaji kuokolewa."

"Basi njoo uzame mwenyewe. Sisi tumechoka kukungojea."

"Dadu zinarushwa wapi?"

"Mezani, hadharani. Na maji ni ya kweli, yako kwenye kioo. Dada yako kajenga mgodi mzima kwa mabomba." Kinyozi akafuta povu. "Usitikise kichwa, nitakukata."

Kijana hakutikisa kichwa, na hakusema atakuja.

Jumamosi ilipofika, walianza bila yeye. Mashujaa watatu walishuka kwenye chupa ya kwanza. Mwizi alitaka kupora mawe yanayong'aa ukutani, Mwalimu akamwuliza kama yuko tayari kuyalipia kwa glasi ya maji, akaghairi. Walimpita chatu wakinyata. Dadu zilirushwa katikati ya kitambaa, kila mtu akizisoma kwa sauti. Walipofika juu ya chumba cha chini, walisikia kugongwa kwa mwamba kutoka ndani.

"Wako hai!" alisema Kinyozi. "Lakini watakuwa na njaa hao, mpaka tuzunguke kwenye ule mlango ni mbali. Natumia moto wangu. Natoboa dari, nawadondoshea mkate."

Hilo Dada Fundi hakuwa amelitarajia, lakini kanuni ilikuwa wazi. Akauchoma msumari kwa moto wa jiko la gesi, akaupitisha juu ya bakuli. Plastiki ikalia, ikatoa moshi kidogo, tundu likapatikana. Akamimina glasi ya tendo hilo. Kinyozi alijipiga kifua. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote kwa mchawi wa moto kuwa na faida mahali penye maji.

Ndipo mlango wa karakana ukafunguliwa. Kijana aliingia na ovaroli lake la kazi, akasalimia wote kwa jumla, "Habari za mchana," akasimama mbele ya tangi. Alilizunguka. Akainama nyuma yake, akapapasa kioo kwa vidole pale ambapo gundi ilikuwa bado nyeupe. Dada yake aliuona mkono ule.

"Karibu, shemeji," alisema mume. "Kiti hicho."

"Asante, shemeji." Akakaa. "Niko katika hali gani?"

"Uko hai," alisema Mwalimu. "Uko na wachimbaji, maji yako chini ya magoti. Tumekuletea mkate."

"Nimeula," alisema kijana. "Nilikuwa na njaa kweli."

Watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Kwa glasi chache zilizofuata walifika mlangoni mwa chumba, wakaondoa mawe, dadu zikawakubali. Mganga wa Mwalimu alikuwa na dawa ya kumwezesha mtu kuzuia pumzi majini, lakini iliwatosha wao na wachimbaji tu. Njia ya kutokea, iliyoinama chini kuliko chumba, ilikuwa imeshajaa maji. Lazima waogelee, kisha mganga achemshe dawa nyingine huko juu na kurudi. Nyundo, na mguu wake wa chuma, asingeweza kuogelea bila kuvutwa na watu wawili.

"Tunamchukua Nyundo kwanza," alisema Kinyozi. "Wachimbaji ni vifungo tu."

"Vifungo vina watoto," alisema Mwalimu.

"Wachukueni wao," alisema kijana. Alikuwa ameegemeza kidevu mezani, jicho likiwa sawa na usawa wa maji. "Mimi nabaki. Tazameni hiki chumba. Maji yakishaufunika mlango, hewa imefungiwa humu ndani, haina pa kutokea. Ni kama kikombe ukikipindua kwenye ndoo. Yatapanda kidogo, yatasimama. Nitakaa hapa kama mfalme mpaka mrudi."

Mwalimu akafikiri. "Ni kweli. Kifizikia ni kweli."

Ilikuwa kweli, isipokuwa kwa tundu la mkate. Kijana, ambaye wiki nzima alikuwa akitoboa matundu ya hewa juu ya matangi ya watu kwa sababu tangi lisilo na tundu halijai, alikuwa amelisahau tundu lililokuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Kinyozi aliyelitoboa alikuwa amelisahau vilevile. Dada Fundi peke yake alikuwa analiona.

Kuna swali ambalo msimulizi yeyote analijua. Huuliza, "Una uhakika?" na mchezaji mwenye akili husita, hutazama tena, hubadilisha mawazo. Kwa miaka yote Dada Fundi alikuwa akimwuliza mdogo wake swali hilo kila alipokaribia shimo. Wengine hakuwauliza mara nyingi hivyo. Sasa lilikuwa mdomoni, tayari. Kijana naye alimtazama, kama anayelisubiri ili apate sababu ya kusimama na kuondoka.

"Unafanya nini?" aliuliza Dada Fundi.

"Nabaki."

"Sawa."

Akahamisha vifungo vyeupe kimoja kimoja kwa koleo ndogo, akaviweka chupa ya juu. Akamimina glasi. Maji yakaufunika mlango. Kijana akanyoosha kidole: "Sasa tazameni, yanasimama."

Glasi ya pili ilikuwa ya mganga kuchemsha dawa yake. Dada Fundi aliimimina taratibu, kwa mkono uleule wa kila siku. Ndani ya bakuli maji yalipanda, yakaipita nati.

"Mbona yanapanda?" aliuliza Kinyozi.

Kijana aliinua kidevu kutoka mezani. Alikuwa anatazama juu ya bakuli. Uso wake ulibadilika polepole, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi lililosikika.

"Tundu la hewa! Mungu wangu, tundu la hewa!"

"Lipi?" aliuliza mume.

"La mkate! Mimi! Mimi ninayetoboa matundu kutwa!" Akasimama. "Naliziba. Navua shati, naliziba kwa shati."

"Rusha," alisema Dada Fundi. "Uko ndani ya maji, gizani, na mguu mzito. Nne kwenda juu."

Kijana aliitikisa dadu mkononi, akaipuliza, akarusha. Ilibingirika, ikagonga tangi, ikatulia. Mbili.

Kisha wote watatu wakamgeukia msimulizi. Mume, aliyemfanya aikate koki, naye alikuwa anamtazama vilevile kama wenzake. Kinyozi alisema kwa sauti ndogo, "Jamani, hata mara moja zaidi tu?"

Dada Fundi alichukua glasi, akamimina. Bakuli likajaa. "Nyundo amezama," alisema.

Kijana aliendelea kuitazama nati. Akasukuma kiti, akatoka kupitia mlango wa nyuma, unaoelekea uani. Mlango ukabaki wazi. Mwalimu alianza kukusanya karatasi zake kwa mpangilio ambao haukuhitajika. Dada Fundi alifuta maji yaliyomwagika kitambaani, akafuta mahali palepale tena, na mumewe akamwondolea tambara mkononi.

Uani bomba lilifunguliwa, likafungwa. Kijana akarudi, uso umelowa, mkononi ana kipande cha shati kuukuu cha kufutia grisi.

"Shati lingeshika," alisema.

"Lisingeshika," alijibu dada yake.

"Tundu la msumari? Kitambaa kimeloa, kimesokotwa, kinatoshea kabisa."

"Kitambaa kinapitisha hewa. Wewe unaziba tangi la mtu kwa kitambaa?"

"Siku moja tu, kwa dharura, na halikuvuja."

"Lilikuwa la nani hilo? Sema tukamwombe radhi."

"Unaongea tu. Toa maji, tujaribu."

Wakayapunguza maji kwa mpira, kijana akanyonya ncha ya mpira mpaka yakaanza kutiririka ndooni. Akasokota kitambaa, akakisokomeza kwenye tundu, mikono yote miwili imezama hadi viwiko. Dada akamimina glasi ile ile kwa namna ile ile. Maji yakaufunika mlango. Yakapanda tena, polepole zaidi kuliko mwanzo, lakini yakapanda.

"Umeona," alisema dada.

"Nimeona. Ningepata muda lakini."

"Muda kidogo."

"Mwalimu, ungekuwa umesharudi na dawa?"

Mwalimu alihesabu kwa vidole, kwa haki, kama anavyosahihisha mitihani. "Hapana. Ungekufa tu, ila kwa kuchelewa."

"Haya," alisema kijana. "Basi nimekufa." Alilisema kama mtu anayekiri bao halali, na akacheka kidogo puani. Akaitoa nati chini ya bakuli, akaikausha kwenye ovaroli, akaiweka mezani karibu na Kinyozi. "Na wewe na mkate wako."

"Si ulisema ulikuwa na njaa?" alisema Kinyozi, na hapo ndipo meza nzima ilipoangua kicheko, Dada Fundi akitangulia.

Kijana alikaa. Akaomba karatasi tupu na penseli, mume akampa ya kuchorea vitambaa, nene na butu. Akaandika mstari wa kwanza, akaukata. Akaandika mwingine.

"Anaitwa nani huyo mpya?" aliuliza dada yake.

"Bado. Usiniharakishe."

Hakumharakisha.